Sauti ya Saa Moja

Kila nilipotoka shule nilivua viatu mlangoni, nikamwamkia babu, kisha nikaketi na shangazi mbele ya kompyuta yake inayoendeshwa na mfumo wa Linux. Shangazi ni mtengeneza programu. Tulikuwa tunamtengenezea babu, ambaye haoni, kisanduku cha kumtajia saa kwa sauti ya bibi. Bibi alizirekodi saa zote kumi na mbili kabla hajafariki, na rekodi zilihifadhiwa kwenye kompyuta hiyo.

Programu ya kisanduku tuliiandaa kwenye kompyuta. Lakini kisanduku kina prosesa, ule ubongo wa mashine, ya aina nyingine, hivyo kina maktaba zake, yaani mafaili ambayo programu huyategemea. Shangazi aliyaweka katika folda ya peke yake.

“Majina yanafanana na ya kompyuta, ila ndani ni tofauti,” alinionya. “Ya mgeni yakae kwa mgeni.”

Mimi nilishajiona fundi. Siku moja shangazi alipotoka, nilichoka kuandika njia ndefu ya kufikia folda ile. Nenosiri nililijua, maana aliniamini. Nikanakili mafaili yote kwenye folda ya mfumo wa kompyuta. Ikaniuliza kama ibadilishe yaliyokuwamo, nikakubali.

Papo hapo kila amri ikagoma. Nikazima, nikawasha, kioo cheusi tii. Ningempigia shangazi simu, yangeisha. Badala yake nikachukua flashi ya kuweka Linux upya, nikachagua kufuta diski nzima, ili asijue.

Aliporudi alikuta kompyuta inawaka vizuri. Akatafuta rekodi. Akatafuta tena.

“Mwanangu, sauti za mama ziko wapi?”

Nilisema yote huku nikilia. Shangazi hakunigombeza. Alikaa sakafuni akalia kama mtoto, nami nikatamani anichape. Siku mbili alihangaika kuzifufua, asipate hata moja.

Tuliweka maktaba upya, za kompyuta kwake na za kisanduku kwake. Kisanduku kikafanya kazi. Ndani yake ilibaki rekodi moja tu tuliyoitumia kwa majaribio.

Asubuhi babu alikishika kwa mikono miwili, sauti ya bibi ikatoka: “Saa moja, mzee wangu. Amka, usijifanye hujasikia!”

Babu alicheka huku machozi yakimtoka. “Ndiye yeye! Na saa mbili anasemaje?”

“Nimezifuta, babu,” nikasema. “Imebaki hiyo tu.”

Babu alikipapasa kisanduku. “Basi nitakuwa naisubiri hiyo.”

Shangazi alinishika bega. “Kuchanganya mafaili ni kosa la kawaida, hata mimi nimewahi. Ungeniambia, ningelirekebisha kwa nusu saa na sauti zote zingekuwepo. Kuficha ndiko kulikomfuta mama. Mficha maradhi, kifo humuumbua.”

Saa nyingine zote kisanduku hutoa mlio tu. Jumamosi nikiwa nyumbani, humwona babu saa mbili akikiweka sikioni, akisikiliza, kisha akikirudisha mezani polepole.