Farasi Aliyekaa Kombo

Kila jioni Pini alikunja nguo zilizoshonwa na mama yake, fundi cherehani. Wenzake walimpa jina hilo kwa sababu hakukosa pini kwenye kola. Akikunja nguo vibaya, mama hakugomba. Aliikunjua tu na kumrudishia. Basi mkono wa Pini ukazoea kunyoosha kila kilichokaa kombo.

Siku ya mashindano ya sataranji, mkono huohuo ulimponza.

Shule yake ilihitaji kutoka sare mara moja tu iingie fainali, na mchezo uliobaki ulikuwa wake, dhidi ya bingwa wa mwaka jana. Asubuhi wenzake walimtania kwamba akijitahidi sana atafungwa baada ya chai, si kabla. Sasa walisimama kwa ncha za vidole nyuma ya kamba. Malkia wa bingwa alikuwa wazi, na ngome ya Pini ilikuwa tayari kumla.

Ilikuwa zamu ya Pini, na bingwa alikwenda kunywa maji. Mwamuzi alikuwa meza nyingine. Pini akaona farasi wake ameinama upande na, kabla hajafikiri, akamnyoosha.

Akamwachia upesi. Sheria ilisema kete ukiigusa, ndiyo utakayocheza. Mgongo wake ulikuwa umewaziba wenzake, hakuna aliyeona.

Bingwa aliporudi, Pini alisema kwa sauti ndogo, "Kaka, nimemgusa farasi. Itabidi nimcheze huyo."

Wenzake wakashika vichwa. Malkia akaponyoka, kisha akafagia kete za Pini mpaka akabaki mfalme peke yake, akikimbizwa huku na huku hadi pembeni. Bingwa akatabasamu, akamtua malkia kwa kishindo.

Mfalme wa Pini hakushambuliwa, lakini hakuwa na mraba hata mmoja wa kukanyaga. Hiyo ni sare. Bingwa alinyoosha mkono amrudishe malkia, akamtazama Pini, kisha akaurudisha mkono bila kumgusa malkia.

"Na mimi nimeshacheza," alisema. "Sare, mdogo wangu."

Pini alibebwa juujuu hadi getini.

Nyumbani alimwuliza mama kama alikuwa mjinga kusema ukweli, maana angeshinda kabisa.

"Ushindi huo ungekubana kila ukiuvaa," mama alijibu, akitunga uzi. "Umekosea, ukafumua mwenyewe, ukaendelea kushona. Uaminifu ndio huo, mwanangu. Haya, mashati hayajikunji."