Pasi Iliyotupwa Jalalani

Kila jioni akitoka shule, Chiriku alipiga pasi nguo ambazo mama yake, fundi cherehani, alikuwa amewashonea wateja. Jina hilo alipewa na bibi yake, kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika. Lakini tangu chumba cha kazi kiungue, binti huyo alikuwa kimya mno, hata bibi akamgusa paji la uso akidhani ana homa.

Hakuwa na homa. Siku ya moto, umeme ulikatika akiwa anapiga pasi. Akaiacha mezani bila kuichomoa, akaenda kucheza. Umeme uliporudi, nyumbani hapakuwa na mtu. Majirani waliuzima moto, ila cherehani ya mama ilikuwa imebaki chuma cheusi. Hiyo ndiyo iliyowalisha. Tumaini pekee lilikuwa bima ya nyumba, ambayo mama aliilipia miaka yote huku mjomba akimcheka kwamba ananenepesha wenye tai.

Mjomba huyohuyo, bila kujua moto ulianzaje, ndiye aliyeleta shauri. Wakiulizwa, waseme nyaya zilikuwa na hitilafu. Watu wa bima wakisikia uzembe hawatoi hata sindano. Chiriku aliisikia kauli hiyo, akazidi kuificha siri yake.

Siku ya ukaguzi, bibi aliamka kabla ya wote. Akasugua kuta, akadeki, akatupa kila kilichoungua kwenye jalala la nyuma. Mkaguzi wa bima alipofika, alikuta chumba kinang'aa.

"Bibi, moto uliwaka wapi?" aliuliza.

"Mgeni haingizwi kwenye masizi, baba," bibi alijibu kwa fahari.

Mkaguzi akaeleza kwa upole kwamba asichokiona hawezi kukiandikia fidia. Mjomba akadakia habari za nyaya. Mkaguzi akachunguza soketi na swichi. Zote zilikuwa nzima. Akamtazama mjomba, kisha akaanza kufunga mkoba wake. Chiriku aliona uso wa mama umenywea.

"Ni mimi," akasema. "Umeme ulikatika, nikasahau kuchomoa pasi. Ipo jalalani na vitu vyote, njoo nikuonyeshe. Shikamoo."

"Marahaba," mkaguzi akajibu, akizuia kicheko.

Wakafukua. Pasi ilitoka imegandiana na kipande cha meza, na chini yake ilikuwepo cherehani. Mkaguzi akavipiga picha kimoja kimoja. Akasema bima yao inalipia pia ajali ya kusahau, lakini kama uongo ungeandikwa kwenye fomu, madai yote yangetupwa.

Haikupita muda mrefu, cherehani mpya ikaingia mlangoni. Mama aliipapasa kama mtoto mchanga, akamshukuru Mungu, akawashukuru majirani, hata mjomba akashukuriwa kwa kuibeba. Mjomba alikiri kwamba shauri lake lilikuwa bovu, na kwamba yeye pia anataka kukata bima.

Kisha mama akamvuta Chiriku karibu.

"Pasi ilituunguzia chumba, mwanangu. Uongo ungetuunguzia na fidia. Ukikosea, sema mapema, tutafute njia pamoja. Na umeme ukikatika, chomoa kwanza ndipo ukacheze."

Chiriku akaitikia. Halafu akaanza kusimulia habari zote za shule alizokuwa amezifungia, tangu siku ya moto, bila kuvuta pumzi.

"Jamani," bibi akasema, akitabasamu, "ile homa ilikuwa na faida zake."