Buti Zisizo na Alama ya Vidole

Sylvanus aliingiza mkono ndani ya buti, akaupeleka mpaka mbele kabisa, akatulia. Alikuwa fundi viatu wa siku nyingi pale Sombetini, na kiatu chochote kilichovaliwa kilimwambia mwenyewe anatembeaje: kidole gumba kinakandamiza wapi, kisigino kinaegemea upande gani. Buti hizi zilikuwa zimevaliwa sana, soli ya ndani imelika, lakini haikuwa na alama ya kidole hata kimoja. Palikuwa na vishimo viwili tu, virefu kidogo, vimekaa sambamba, na katikati yake mstari ulioinuka. Nyuma, mahali pa kisigino, ngozi ilikuwa mpya kabisa.

"Zinakubana wapi, mama?" akauliza.

"Hazibani," alisema mteja. "Zinapwaya mbele. Nikitembea zinageuka, na watu wananitazama."

Alikuwa amesimama nje kwenye kokoto, hakutaka kuingia. Ukungu wa mwezi wa saba ulikuwa umeshuka kutoka Mlima Meru tangu alfajiri na haukuonyesha dalili ya kupanda. Ndani ya ukungu ule alionekana mwanamke mrefu, mzuri wa uso, amevaa gauni la kitenge lililoburuta mpaka chini. Alinukia magadi, na chini ya magadi kulikuwa na harufu nyingine, ya mbuzi aliyenyeshewa.

Buti zenyewe zilikuwa za Kitaliano, ngozi ya ndama rangi ya kahawia, nembo ya mwenye kiwanda imegongwa ndani ya shingo. Kazi kama hiyo haimfikii fundi wa Sombetini kila siku. Ngozi ilikuwa imekauka, imeota madoa meupe ya chumvi, na mishono ya pembeni ilianza kuachia. Sylvanus alimweleza atakachofanya: atatoa chumvi, atalainisha ngozi kwa mafuta, atapaka nta ili maji yasipenye, atashona upya, kisha atajaza sponji mbele na kuweka soli mpya ya ndani.

"Ila lazima nikupime mguu," alisema, akichukua utepe.

"Hapana!" Mwanamke alirudi nyuma, kokoto zikalia. Kisha akainua kichwa, akasikiliza. Nyuma ya pazia, cherehani ilikuwa ikikimbia. "Nani anashona huko?"

"Mke wangu."

"Mguu wake ni kama wangu. Mvalishe yeye. Zikimkaa yeye, zitanikaa na mimi."

Sylvanus hakuona ubaya. Viatu vya kike alizoea kumjaribishia mkewe, Pudensiana, kwa sababu mguu wake ulikuwa wa saizi ya wanawake wengi. Hakujiuliza mteja yule aliujuaje mguu wa mtu aliyekaa nyuma ya pazia.

Alipomaliza, ngozi ilikuwa laini na inang'aa kwa mbali kama kahawa iliyokaangwa. Pudensiana akavaa, akasimama, akacheka.

"Jamani, Baba Vaileth! Hizi zilishonwa kwa ajili yangu." Akazunguka nazo chumba kizima, akainua sketi ajitazame. Vaileth, binti yao, alikuwa shule ya bweni, na nyumba ilikuwa haijasikia kicheko kama hicho tangu likizo iishe. Alipozivua alisugua miguu kwa viganja. "Zina baridi ndani. Baridi ya maji."

Mteja alikuja kuzichukua ukungu uliposhuka tena. Baada ya siku chache akazirudisha.

"Bado kidogo," alisema, akitabasamu. "Lakini sasa natembea. Nimefika mpaka sokoni."

Sylvanus akaingiza mkono. Kwenye soli mpya ya ndani, kidole chake kiligusa bonde dogo la mviringo. Alama ya kidole gumba. Moyo wake ulitulia, akajiambia kwamba mara ya kwanza alikosea, kwamba huyu ni mtu kama watu wengine na ana mguu kama wa watu wengine. Akakaza mishono, akaongeza sponji kidogo, akamwita mkewe ajaribu.

Pudensiana alikuja akiburuta ndala. Zilikuwa zinamvuka kila hatua.

"Hizi ndala zimelegea," alisema.

"Nitazikaza."

Hakuzikaza, alisahau. Mkewe akaanza kuvaa soksi mchana kutwa, soksi nene za sufu, akisema ni baridi, na baridi ilikuwepo kweli, kwa hiyo Sylvanus hakuuliza. Kilichomsumbua ni cherehani. Ilikuwa ya kukanyaga kwa miguu, na kwa miaka yote sauti yake ilikuwa laini, nyayo za Pudensiana zikipanda na kushuka juu ya chuma. Sasa kutoka nyuma ya pazia ilitoka sauti ngumu. *Ko. Ko. Ko.* Kama mtu anayegonga chuma kwa kipande cha pembe.

"Umevaa nini miguuni?" alimwuliza jioni moja.

"Soksi," akajibu Pudensiana, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Mteja alizichukua buti, na aliporudi tena hakusimama kwenye kokoto. Alikuja mpaka kizingitini, amezivaa buti, anatembea vizuri, kiuno kinacheza kama cha mwanamke yeyote anayepita barabarani. Aligeuka mgongo, akainama, akazivua akiwa amejifunika gauni, akazisukuma ndani.

"Maliza," alisema. "Kidole kidogo tu ndicho kimebaki. Nitakuja kabla jua halijazama."

Alipoondoka, Sylvanus aliingiza mkono. Kidole gumba kilikuwepo. Cha pili kilikuwepo, na hicho cha pili kilikuwa kimepinda, kimelalia cha tatu. Pudensiana aliwahi kujikata kwa jembe akiwa msichana shambani kwao Akheri, na kidole chake cha pili kilipopona kilipinda hivyohivyo, kikalalia cha tatu.

Alivuta pazia. "Mama Vaileth. Vua soksi."

"Niache."

"Vua, nakuomba."

Pudensiana alianza kulia kabla hajaivua. Vidole vyake havikuwepo tena kama vidole. Vilikuwa vimeshikamana, vimekuwa vigumu na vyeusi, na katikati yake palipita ufa mmoja uliogawa mguu pande mbili. Kidole kidogo peke yake ndicho kilichokuwa kimebaki, kimekaa pembeni, chekundu, kama cha mtoto mchanga.

"Nilidhani nikikuambia utaniogopa," alisema kwa kunong'ona.

Sylvanus alitoka mbio kwenda kwa Mzee Lesian, mwinjilisti mstaafu aliyeishi nyuma ya nyumba yao, Mwarusha ambaye watu walimwendea kwa mambo wasiyoyapeleka hospitali wala kuyasema kanisani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mbona mbio hivyo?"

Mzee alisikiliza akiwa tayari anavaa koti. Alipouona mguu wa Pudensiana hakushtuka. Alifunga mlango, akakaa karibu naye, akamshika mkono.

"Viumbe hawa wapo huko kwenye maziwa ya magadi ya Momela," alisema taratibu. "Wanapenda mji. Uso wanaweza kuupata, nywele wanaweza kuzipata, sauti pia. Kinachowaumbua ni mguu. Huyu amepata fundi wa kumvalisha mguu wa mwanadamu." Akamgeukia Sylvanus. "Umemfungulia kwa mikono yako, kwa hiyo mikono yako ndiyo itafumua. Kila ulichoshona, kila ulichojaza. Buti zirudi kwake kama zilivyokuja. Na akiita, usimjibu."

Sylvanus akaketi na kisu. Alikwangua nta, akaanza kukata mishono aliyoishona kwa uangalifu mkubwa, na uzi haukutaka kutoka. Ulikuwa na unyevu, unateleza kama mshipa, na kila alipoukata Pudensiana alikunja uso. Mzee Lesian aliomba kwa sauti ya chini, Kiswahili kikichanganyika na Kimaasai. Nje ukungu ulizidi kuwa mzito mpaka dirisha likawa jeupe.

Kisha ikaja harufu ya magadi, ikipita chini ya mlango.

"Fundi," ilisema sauti ya nje. "Umemaliza?"

Sylvanus alibana meno, akavuta sponji ya buti ya kushoto.

"Fundi, unaharibu kazi nzuri." Halafu sauti ikabadilika. "Baba Vaileth. Nimesimama huku nje, miguu inaniuma. Nifungulie."

Ilikuwa sauti ya Pudensiana. Sylvanus aligeuka, akamwona mkewe amekaa palepale kando ya cherehani, mdomo wazi, koo linapanda na kushuka, machozi yanamtiririka, na hakuna sauti inayotoka, kwa maana sauti yote ilikuwa nje ya mlango, inamwita kwa jina la binti yao, inamwambia ni baridi, inamkumbusha mambo ya siku ya harusi yao ambayo hakuna mtu mwingine aliyeyajua, huku mlango ukianza kugongwa chini, karibu kabisa na ardhi, kwa kitu kigumu, *ko, ko, ko*, na ubao wa chini ukipasuka na Mzee Lesian akipandisha sauti juu ya ile sauti na kisu kikimteleza Sylvanus mkononi kikamkata kiganja, naye akaendelea kukata kwa kiganja hicho hicho kinachovuja damu, kwa sababu mshono wa mwisho ulikuwa umebaki, na chini yake soli ya ndani ilikuwa imeanza kupanda na kushuka polepole, kama ubavu wa mnyama anayepumua.

Akakata. Akang'oa soli zote mbili.

"Zitupe nje!" alisema Mzee Lesian.

Sylvanus alifungua dirisha, akazirusha buti kwenye ukungu. Hakuzisikia zikianguka. Alisikia pumzi ndefu, kisha kwato, zikienda kwa kuchechemea juu ya kokoto, zikapotelea upande wa barabara.

Mzee alizichukua soli zile, akazilaza sakafuni, akamsimamisha Pudensiana juu yake. "Kanyaga. Ni zako." Pudensiana alikanyaga, na kelele aliyopiga ilikuwa ya kwake mwenyewe, kutoka kooni mwake. Damu ilijaa juu ya soli. Ilipofutwa, vidole vilikuwa vimeachana, vyote, na cha pili kimelalia cha tatu.

Walihama Sombetini mwezi uleule, wakapanda Akheri kwa wazee wa Pudensiana. Sylvanus hakugusa tena kiatu cha mwanamke. Alisaidia kwenye kahawa na migomba, na watu wakimletea viatu vya shule vya watoto alivishona mlangoni, mchana, mlango wazi. Pudensiana alipona. Alipanda na kushuka makorongo, alibeba majani ya ng'ombe, na Vaileth aliporudi likizo hakugundua chochote.

Mwaka uliofuata walikwenda kwenye harusi ya jirani. Watu walikuwa wengi, wengine wametoka mbali. Wakiwa wanasubiri chakula, bibi mmoja mwenye fimbo alisimama mbele ya Pudensiana, akamtazama, uso ukachanua.

"Mwanangu! Upo? Hatujakuona ziwani siku hizi."

Sylvanus akatabasamu kwa heshima. "Bibi, shikamoo. Nadhani umemfananisha. Wewe unatoka wapi?"

"Marahaba. Natoka Momela. Nimemfananishaje? Alikuwa anapita kwangu kila ukungu ukishuka, anaomba maji."

Pudensiana hakuwahi kufika Momela maisha yake yote. Sylvanus aligeuka amwangalie, wacheke pamoja.

Pudensiana hakuwa anacheka. Alikuwa amemshika bibi mikono yote miwili.

"Shikamoo, Bibi Yiamat," alisema kwa upole, na Sylvanus akasikia harufu ya magadi. "Mjukuu wako ameacha kukohoa?"