Zamzam na Kibao cha Lenzi

Kila siku akitoka shule, Zamzam alipitia kwa mjomba wake, Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo. Alimwamkia, akanyunyiza maji uani kutuliza vumbi, akafagia, kisha akaipangusa kamera. Ilikuwa kamera kuukuu ya mbao, imesimama kwa miguu mitatu, na mpiga picha hujifunika kitambaa cheusi kichwani ndipo aweze kumwona anayempiga. Wapiga picha wengine wa mtaani waliicheka.

"Chekeni tu," Mjomba Awadhi aliwajibu. "Picha zake zinaonyesha hadi kope za mtu."

Mwezi mmoja kamera ikaugua. Lenzi yake iliota ukungu kama mkate uliolala, na kila aliyepigwa akatokea kama amesimama kwenye moshi. Mjomba akahangaika mpaka akapata lenzi nyingine kwa baharia mmoja kule bandarini. Ilikuwa safi, lakini nene kuliko ile ya kwanza. Haikuingia kwenye tundu la kibao kinachoshika lenzi mbele ya kamera. Na vibao vya namna ile angevipata wapi, wakati miaka ile hata sabuni ilikuwa ya kutafuta?

"Tutakitengeneza wenyewe," akasema Mjomba. Akaleta sanduku tupu la majani ya chai kutoka sokoni, akakata kipande cha mraba, akachora duara kwa penseli. "Zamzam, toboa vitundu vidogo vidogo kufuata mstari huu, kisha usugue kwa tupa polepole. Usilazimishe mbao. Kitendawili!"

"Tega!"

"Chumba changu ni giza tupu, nina mgeni mmoja, naye ana mlango wake. Akipenya mwingine ukutani, karamu imeharibika."

Zamzam akawaza, akashindwa.

"Nipe mji," akasema Mjomba.

"Chukua Bagamoyo."

"Nimekwenda Bagamoyo, nimepokewa kwa pilau na maji ya ndimu, nimeshiba mpaka nimesahau njia ya kurudi. Chumba ni kamera, mgeni ni mwanga, mlango ni lenzi. Kwa hiyo kibao kisiwe na upenyo hata wa sindano."

Zamzam akaanza vizuri. Lakini nje wenzake walikuwa wanacheza rede, na sauti zao zilimfikia palepale alipokaa.

"Zamzam we! Umeolewa na hiyo mbao?" Hyasinta akamtania.

Tupa ikamchosha. Akachukua patasi, akaigonga kwa nguvu mara moja tu. Ta! Ufa mwembamba kama unywele ukatoka kwenye tundu hadi ukingoni. Akauziba kwa nta ya mshumaa, akapaka rangi nyeusi juu yake, kibao kikawa laini kama hakijaguswa.

Mjomba akapitisha vidole, vikasita ukingoni. "Hakijapasuka popote?"

"Hakijapasuka, Mjomba."

Jumamosi asubuhi akaja Bi Blandina, jirani muuza vitumbua, na wanawe watatu. Gaudens, mkubwa wao, alikuwa anaondoka siku hiyohiyo kwenda Jeshi la Kujenga Taifa.

"Ndugu Awadhi, sijawahi kuwa nao wote kwenye picha moja," alisema. "Leo ndiyo leo."

Mjomba alikuwa amebakiwa na filamu mbili tu, na haikujulikana nyingine zingeingia lini nchini. Akawapanga uani, juani. "Gaudens, kunjua uso! Huko jeshini bado hujafika." Wote wakacheka, naye akapiga.

Alipotoka kwenye chumba cha giza anamosafishia filamu, alikuwa ameshika filamu yenye doa jeusi. Lilikuwa limeumeza uso wa Bi Blandina wote.

"Labda huu mfuko wa mikunjo nyuma ya lenzi umetoboka," alisema, akaanza kuukagua mkunjo kwa mkunjo. "Au filamu imezeeka?"

Zamzam akakigusa kile kibao. Kilikuwa cha moto, na nta iliyoyeyuka ikamganda kidoleni. Akaficha mkono nyuma.

"Ndugu yangu, lori la jeshi halitatungoja," alisema Bi Blandina.

Mjomba hakuona kosa kwenye mfuko. Akashusha pumzi, akapachika filamu ya mwisho. Zamzam alimwona Bi Blandina anajifuta jasho, anamwekea Gaudens sawa kola ya shati.

"Mjomba, usipige!"

Wote wakamgeukia.

"Ni kibao. Kilipasuka mimi nikikigonga. Nikaziba kwa mshumaa."

"Mtoto wewe!" Bi Blandina alimaka. "Mwanangu ningemwona tena kwenye nini?"

Zamzam akainama, machozi yakamdondoka. Gaudens ndiye aliyesema, "Mama, bado tuna muda kidogo. Mwache atengeneze kingine."

Mjomba akakichomoa kibao kilichopasuka. Akaleta kipande kingine cha lile sanduku, akakishika imara, akampa Zamzam tupa. Safari hii alisugua mpaka vidole vikamuuma, na hakuinua kichwa hata rede ilipopamba moto nje. Walipomaliza wakakipachika kibao kipya, wakaichomoa filamu ikiwa kashani mwake, wakaiacha kamera juani, lenzi imefunikwa. Zamzam akaingiza kichwa chini ya kitambaa, akatazama ndani kwa muda mrefu.

"Giza tupu, Mjomba."

"Una hakika?"

"Njoo utazame na wewe."

Mjomba akatazama, akatikisa kichwa kukubali. Ndipo akairudisha filamu, akapiga.

Filamu ilipotoka, nyuso zote nne zilikuwamo. Bi Blandina akaiinua kwenye mwanga. "Mbona meno yetu meusi?"

"Kesho kwenye karatasi yatakuwa meupe," Mjomba akamcheka. Bi Blandina akamvuta Zamzam, akamkumbatia na harufu yake ya iliki, kisha akakimbilia kumsindikiza mwanawe.

Uani wakabaki wawili. "Umenikasirikia, Mjomba?"

"Kwa ule ufa, hapana. Mbao hupasuka hata mikononi mwangu. Lakini nilikuuliza, ukanijibu, nami nikaliamini jibu lako kuliko vidole vyangu. Ukikosea kazi, sema mapema, kazi hurekebishika. Filamu ya kwanza haikuharibiwa na ufa, mwanangu. Iliharibiwa na neno lako. Na ya pili ni neno lako lililoiokoa."