Bolti Isiyoshika Kitu

Kila Alhamisi baada ya masomo, Kidole alimsaidia mama yake kuitoa mashine ya kukatia nyasi kwenye banda la shule. Kidole halikuwa jina lake la daftarini. Msichana huyo aliitwa hivyo kwa sababu hakuna kitu asichokigusa. Mama yake ndiye aliyetunza uwanja. Mashine yenyewe ilikuwa kuukuu, ya kukalia kitini na kushika usukani, na wanafunzi waliiita Ng'ombe.

Siku hiyo mama alipanda, akawasha. Injini ikanguruma. Akavuta swichi ya visu. Kwa kawaida ungesikia "tak!", sumaku ya klachi, inayounganisha visu na injini, ikinasa, na visu vikaanza kuzunguka. Leo, kimya.

"Ng'ombe analia lakini hali," mama alisema, wala hakucheka. Kesho ilikuwa siku ya mechi, na nyasi zilifika vifundoni.

Akaitwa mjomba, fundi wa mashine. Kabla ya kupeleka mkono karibu na visu, alichomoa ufunguo akautia mfukoni. Akakagua fyuzi: nzima. Kisha akachomoa plagi ya klachi, akamrudishia mama ufunguo. "Dada, kaa kitini. Usiwashe injini, fungulia umeme tu, uvute swichi." Akagusisha taa yake ya kupimia kwenye waya mwekundu. Taa ikawaka.

"Umeme unafika," alisema. "Basi ama klachi imekufa, ama imenyamaza tu kwa sababu umeme hauna njia ya kurudi. Kujua ni lipi, lazima niifumue. Kesho jioni hivi."

"Kesho jioni mechi imekwisha, kaka."

Mama alitungua fyekeo ukutani. Mkono mwingine ulishika kiuno, kile kile kilichomlaza kitandani wiki nzima.

Kidole aligeuka kuitazama baiskeli yake. Jana, alipokuja bandani kuchukua pampu, madigadi ya baiskeli yake ilikuwa ikigongagonga. Chini ya mashine aliona bolti nzuri, isiyoshika kitu ila ncha ya waya mweusi. Akaifungua, akaifunga kwenye madigadi.

"Mjomba," alisema polepole, "iliyonyamaza... ni mimi."

"Wewe umekuwa klachi tangu lini?"

Kidole alikwenda kwenye baiskeli, akarudi na bolti kiganjani. "Niliona haishiki kitu. Waya tu."

Mjomba alipiga magoti, akachungulia. Waya mweusi ulikuwa unaning'inia. "Waya tu! Huo ndio njia ya kurudia umeme, bibi wee!" Akachomoa tena ufunguo, akairudisha plagi ya klachi, akakwangua kutu kwa msasa, akamkabidhi spana. "Uliyefungua, funga. Kaza vizuri."

Mama akapanda, akawasha, akavuta swichi.

Tak!

Jua lilipopungua, uwanja ulikuwa umenyolewa wote. Njiani madigadi iligongagonga mpaka Kidole akaona haya.

"Mama, nitaifunga kwa kamba."

"Iache kwanza ikukumbushe," mama alisema. "Kitu usichojua kazi yake, uliza kabla ya kukifungua. Na ukikosea, mwanangu, sema mapema, kabla mwenzio hajashika fyekeo. Leo umesema, na kiuno changu kinakushukuru."