Vijiti vya Kapteni

Harufu ndiyo iliyotangulia: majani mabichi yaliyofyekwa sasa hivi, katikati ya kiangazi, wakati porini hapakuwa na jani la kumdanganyia hata mbuzi. Evarista alimuuliza mumewe, Liberatus, kama naye anaisikia. Liberatus akamwambia ni uchovu wa kuhama.

Mwaka huo wa 1974 walihamishiwa kijiji kipya nje ya Iringa, na nyumba yao ya zamani ikachomwa moto. Liberatus alichagua kiwanja kigumu, tambarare kama meza, akajisifu kuwa kimemwokolea kazi ya kusawazisha. Akichimbia mwimo wa mlango aliokota mpira mdogo wa ngozi, mzito kama jiwe, na Evarista akawa anaupondea chumvi. Laiti wangeuliza nani alikisawazisha kiwanja hicho!

Zikaja hatua. Mtu asiyeonekana alikimbia kutoka mekoni hadi mlangoni, kisha akarudi.

Asubuhi moja ya ukungu, mtoto wao Juliana aliamka akichemka homa. Liberatus alikuwa shambani. Evarista akambeba mtoto mgongoni ampeleke hospitali Tosamaganga, lakini hakuufikia mlango, kwani kitu kama ubao kilimchapa muundini akaanguka, akainuka, kikamchapa tena, na alipotazama chini aliona vumbi mbele ya mlango likididimia polepole, zikitokea alama za viatu viwili vya mtu aliyesimama ubavu, akingoja.

Alipiga yowe. Liberatus akaja mbio, akausukuma mlango usifunguke, akaanza kubomoa ukuta kwa jembe, lakini kila alipopiga, Juliana alilia kama aliyepigwa yeye. Jembe likamtoka mkononi. Akamkimbilia mzee Saulo, aliyewahi kuwabebea Waingereza mizigo katika vita vya Mjerumani.

Saulo alichuchumaa chini ya dirisha, tundu lisilopitisha hata ngumi.

"Mama Juliana," alinong'ona, "huyo ni Kapteni. Nilimbebea sanduku lake."

Kwao Uingereza, alieleza, watu walijaa uwanjani kumtazama Kapteni akicheza kriketi. Vita vilipoanza aliacha gongo lake la kupigia mpira, akashika bunduki. Siku moja ya mapumziko aliwafyekesha askari wake majani na kuwashindilisha ardhi hapa hapa, akasimama na gongo kulinda vijiti vitatu, wenzake wakirusha mpira kuviangusha. Tarumbeta ya vita ikalia kabla vijiti vyake havijaangushwa, naye akatolewa mchezoni. Jioni walimrudisha ndani ya blanketi.

"Mlango wako una mbao tatu, mwanangu. Anadhani ni vijiti vyake. Upige kwa mpira, atatoka."

Evarista aliuchukua ule mpira wa kupondea chumvi, akarusha. Gongo likalia hewani, mpira ukarudi ukapasua chungu. Akarusha tena, ukarudishwa tena. Juliana alikuwa ameacha kulia, na hilo lilimtisha mama yake kuliko mzimu huo. Akapiga goti, akaubingirisha chini chini.

Mpira uligonga mbao. Mlango ukafunguka wenyewe, na viatu vikatoka taratibu, kama vya mtu aliyeshindwa kihalali.

"Toka upesi!" Saulo alisema. "Akitoka mmoja huingia mwenzake. Wote tuliwazika hapa."

Nje, majani makavu yalikuwa yanalala moja baada ya jingine kuelekea mlangoni, kama yanayokanyagwa. Evarista alifungua kanga, akamsukuma Juliana mikononi mwa babake, na mlango ukamfungia ndani.

"Mpeleke hospitali," alisema kupitia tundu. Nyuma yake vumbi lilididimia, viatu vikubwa zaidi. "Baba Saulo, wako wangapi?"

"Kumi na mmoja, mwanangu."

Evarista akainama kuutafuta mpira. Ulikuwa umebingirikia nje mlango ulipofunguka.