Joto Lililoishia Chumba cha Kwanza

Klara na mumewe Nkwabi wanafuga kuku Ibadakuli. Kila asubuhi Klara huwahi bandani kuwapa vifaranga maji na chakula.

Banda lao lina vyumba vitatu. Nje kuna pipa la maji linalochemshwa kwa moto wa pumba za mpunga. Pampu ndogo husukuma maji ya moto kwenye bomba kuu. Kila chumba kina tawi lake la bomba, na kila tawi lina koki. Maji yakishaacha joto vyumbani, hurudi kwenye pipa. Nkwabi aliuona mtambo kama huo kwa rafiki yake, akajenga wake.

Baridi ya mwezi wa sita ilipoanza, Klara alikuta vifaranga wa chumba cha tatu wamelundikana kwenye kona. Waliokuwa chini ya lundo walikuwa wamekufa. Akaenda chumba cha kwanza. Huko vifaranga walikuwa wamelikimbia bomba, midomo wazi, wakihema.

"Baba Kudra, njoo uone," alimwita mumewe. "Hawa wanaungua, wale wanakufa kwa baridi."

"Moto ni mdogo," alisema Nkwabi. Akaongeza pumba.

Chumba cha kwanza kikazidi kuwaka joto. Klara alishika bomba la chumba cha tatu. Lilikuwa la baridi vilevile.

"Moto umeongezeka," alisema. "Sasa joto linakwenda wapi?"

Klara akamfuata jirani yao Vumilia, fundi bomba aliyewahi kufanya kazi migodini.

"Mwangaluka, Mama Kudra," Vumilia alisalimu kwa Kisukuma alipofika. Hakuugusa moto. Alifuata bomba kutoka chumba hadi chumba, akilipima joto kwa mkono.

"Koki mmezifungua kiasi gani?"

"Zote mpaka mwisho," alijibu Klara.

"Ndiyo sababu. Maji hufuata njia nyepesi. Chumba cha kwanza kiko karibu na pampu. Maji mengi yanapita hapo na kurudi kwenye pipa. Cha tatu kinapata mabaki."

"Kwa hiyo nifunge koki ya kwanza?"

"Usifunge. Ipunguze."

Nkwabi alitikisa kichwa. "Tupunguze maji ili tupate joto?"

"Upunguze hapa, lifike kule. Tujaribu, shemeji."

Kwanza Vumilia alilegeza nati ndogo mwisho wa bomba la chumba cha tatu. "Kaeni mbali, maji haya yanaweza kuunguza." Hewa ilitoka ikifoka, kisha maji. Akaikaza. "Hewa ikinaswa ndani, maji hayapiti vizuri."

Kisha Klara akapunguza koki ya kwanza. Alitaka kuizungusha tena.

"Subiri," alisema Vumilia. "Maji yanahitaji muda wa kusafiri."

Walisubiri. Klara hakutulia, alikwenda kushika bomba mara kwa mara. Hatimaye alisema, "Lina uvuguvugu."

Wakapunguza kidogo koki ya pili. Ya tatu wakaiacha wazi.

"Kwa nini hii tusiipunguze?" aliuliza Klara.

"Ukizibana zote, maji yatakosa njia. Ya mbali iache wazi. Tena usizifunge zote kwa pamoja, wala usilizibe pipa. Mvuke lazima utoke."

"Nitajuaje kama nimepatia?"

"Watazame vifaranga. Wakilundikana, wana baridi. Wakilikimbia bomba, wamezidiwa na joto. Wakitawanyika wakila, wako sawa."

Asubuhi iliyofuata Nkwabi alitangulia chumba cha tatu. Vifaranga walikuwa wametapakaa sakafuni, wakidonoa chakula. Alikagua kila kona.

"Hakufa hata mmoja," alisema taratibu.

Alimkuta mkewe chumba cha pili, mkono juu ya bomba.

"Hapa bado pamezidi kidogo," alisema Klara. Akaizungusha koki kidogo sana, akaketi katikati ya vifaranga, akasubiri.